U ni ya Uhuru

Wanaastronomia wana majina yasiyo na mvuto hata kidogo. 4U 1820-30. 4U 0142+61. 4U 1700-37. Ukiyasoma haraka haraka utadhani ni namba za usajili wa bodaboda. Tarakimu zile zinaonyesha mahali kitu kilipo angani, kama anwani ya nyumba, na hilo halina ajabu. Ajabu iko kwenye herufi. Ile 4 ni toleo la nne la orodha, na U ni Uhuru. Uhuru hii hii ya kwetu, ya Kiswahili. Mtu aliyekaa Tokyo au Santiago leo, akiandika makala ya fizikia na kutaja moja ya vitu hivyo, anaandika neno la Kiswahili, na pengine hana habari.

Orodha hiyo ya nne ilichapishwa mwaka 1978 na ina vyanzo 339 vya eksirei za angani. Uhuru yenyewe ilikuwa setilaiti. Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka baharini, kwenye pwani ya Waswahili, ikiwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi moja tu ya kutazama anga kwa eksirei. Mtu aliyeipigania kwa miaka saba, Mwitaliano aitwaye Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002. Alifariki akiwa na miaka 87, tarehe 9 Desemba 2018. Tarehe hiyo sisi Watanzania Bara tunaiita, kwa neno lile lile, Siku ya Uhuru. Sadfa haithibitishi kitu, najua. Lakini ndiyo iliyonifanya nisimame kwenye taarifa ya kifo chake badala ya kuipita.

Mimi ni mwandishi wa habari wa mkoa wa Lindi. Kazi yangu ya kila siku ni bei ya ufuta, minada ya korosho, madaraja yaliyosombwa na mvua, na ule mradi wa gesi wa Likong'o ambao tumeuandika miaka nenda rudi. Fizikia niliagana nayo kidato cha nne, na sikumbuki mwalimu yeyote akinitajia kwamba kuna setilaiti yenye jina la Kiswahili. Kwa hiyo nilivyolisoma hilo nilifanya kinachofanywa na mwandishi yeyote aliyekasirika kidogo: nilianza kufuatilia.

Giacconi alizaliwa Genova mwaka 1931 na kukulia Milano. Mama yake alifundisha hisabati na fizikia katika shule ya sekondari. Chuo Kikuu cha Milano alisoma chini ya Giuseppe Occhialini, mmoja wa mabingwa wa miale ya ulimwengu, yaani zile chembe ndogo zinazotumwangukia kutoka angani mchana na usiku. Ili kuzinasa chembe hizo, wanafunzi walipanda milima ya Alps, mahali pa mita 3,500 hivi juu ya usawa wa bahari, wakakaa na mtambo wao kusubiri. Giacconi alisubiri miaka miwili. Akavuna matukio yapatayo 80. Ndiyo tasnifu yake, mwaka 1954.

Themanini kwa miaka miwili! Mvuvi wa Kilwa akivuna hivyo anauza ngalawa. Mwenyewe alitoka pale na fundisho ambalo naliona katika kila alichofanya baadaye: ukitaka kujua jambo adimu, usikae kungoja bahati, tengeneza nyavu kubwa zaidi na uzipeleke mahali penye samaki. Mwaka 1956 alikwenda Marekani, na mwaka 1959 akaajiriwa na kampuni ndogo mjini Cambridge, Massachusetts, iliyoitwa American Science and Engineering. Mwenyekiti wa bodi yake alikuwa Mwitaliano mwingine, Bruno Rossi, na ndiye aliyemchomekea wazo la kutafuta eksirei kutoka angani.

Hapa inabidi tueleze jambo moja. Eksirei tunazozijua hospitalini hupenya nyama na kukwama kwenye mfupa. Zile za angani hazifiki kabisa ardhini, hewa ya dunia inazimeza zote huko juu. Ni bahati yetu, maana zingetuua. Lakini kwa mtafiti maana yake ni kwamba lazima chombo kitoke nje ya hewa. Na wataalamu wengi wa wakati ule waliona ni kazi bure. Jua letu hutoa eksirei kidogo mno, kama sehemu moja kwa milioni ya mwanga wake wa kawaida. Nyota nyingine ziko mbali kiasi kwamba, kama nazo ziko hivyo hivyo, hakuna kifaa kingeweza kuziona.

Tarehe 18 Juni 1962 kundi la Giacconi lilirusha roketi ndogo kutoka White Sands, New Mexico. Lengo rasmi lilikuwa kuutazama mwezi. Roketi ilikaa juu ya hewa nzito kwa sekunde 350, chini ya dakika sita, kisha ikarudi. Katika sekunde hizo vihesabio vyao vilipiga kelele walipoelekea upande wa kundi la nyota liitwalo Nge. Kulikuwa na kitu pale kinachotoa eksirei mara elfu moja kuliko mwanga wake wa kawaida. Wakakiita Scorpius X-1. Tena, nyuma yake, anga lote lilikuwa na mng'ao hafifu wa eksirei usiotoka mahali popote maalumu. Mng'ao huo uliwasumbua wanasayansi kwa karibu miaka arobaini.

Mtu mwingine angeshukuru Mungu na kuendelea kurusha roketi, dakika sita sita. Giacconi mwaka uliofuata alipeleka NASA mpango mzima: kwanza setilaiti ya kuzunguka na kuorodhesha kila chanzo, kisha darubini kamili ya eksirei. Alikuwa na miaka 31. Setilaiti ilichukua miaka saba kupatikana. Darubini aliyoiota, ile kubwa, ilichukua 36.

Sasa tuje pwani.

Kwa nini setilaiti ya Marekani, yenye vifaa vya Massachusetts, irushwe kutoka Ghuba ya Ungwana, kaskazini mwa Malindi, karibu na kijiji cha wavuvi cha Ngomeni? Kwa sababu ya jiografia, na kwa sababu ya Mwitaliano wa tatu katika hadithi hii, Luigi Broglio. Huyu alikuwa profesa wa Roma na mwanajeshi wa anga. Aliishawishi serikali yake iweke majukwaa mawili ya chuma baharini, moja la kurushia, San Marco, jingine la kuongozea, Santa Rita. Yalisimama kwa miguu ya chuma majini, nyuzi 3 hivi kusini mwa ikweta. Setilaiti ya Waitaliano ilitoka pale Aprili 1967.

Faida za mahali hapa ni mbili. Dunia inazunguka, na kwenye ikweta ndiko inakokwenda mbio zaidi, takribani kilomita 1,670 kwa saa. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki inapata msukumo huo bure, na ikianguka inaangukia Bahari ya Hindi. Faida ya pili ndiyo hasa aliyoitaka Giacconi. Kuna ukanda wa chembe zenye umeme unaoizunguka dunia, na juu ya Atlantiki ya kusini unashuka chini mno. Setilaiti ikipita humo vihesabio vyake vinachafuka, kama redio ikipita chini ya nyaya za umeme. Ukiirusha karibu na ikweta ikazunguka sambamba nayo, unaukwepa sehemu kubwa. Kutoka Florida huwezi kufanya hivyo kwa roketi ndogo.

Hivyo ilikuwa mara ya kwanza setilaiti ya Marekani kurushwa na watu wa nchi nyingine. Uzito wake ulikuwa kilo 140 na kitu. Aliyesimamia mradi kwa upande wa NASA alikuwa mhandisi Marjorie Townsend, mwanamke wa kwanza katika shirika hilo kukabidhiwa kazi ya namna hiyo. Jina la kiofisi lilikuwa herufi na namba. Lakini tarehe 12 Desemba 1970 Kenya ilikuwa inaadhimisha miaka saba ya uhuru wake, na Townsend, kama heshima kwa wenyeji, akaichagulia jina. Uhuru.

Nimelifikiria sana neno hilo na mwaka huo. Kutoka Ngomeni hadi Kilwa ni kama kilomita 670 kwa mstari ulionyooka, pwani moja, lugha moja. Setilaiti ile ilizunguka dunia kila dakika 96, kilomita 500 na zaidi kwenda juu, haitoki kwenye mkanda wa ikweta. Maana yake ilipita katika anga letu la kaskazini mara nyingi kila siku, bila mtu kujua. Na chini yake, huku bara kwetu Nachingwea, wapiganaji wa FRELIMO walikuwa kambini wakifanya mazoezi ya kwenda kuvuka Ruvuma. Kwao neno uhuru halikuwa sherehe ya mwaka wa saba. Lilikuwa jambo la mwakani, au la mwaka wa keshokutwa, au la kufa bila kuliona. Msumbiji ilipata wa kwake tarehe 25 Juni 1975. Wakati huo Uhuru ya angani ilikuwa imeshanyamaza miaka miwili, tangu Machi 1973, ikizunguka tu kama mtumbwi usio na mwenyewe. Iliungua ikirudi katika hewa ya dunia mwaka 1979.

Miaka miwili na miezi michache ndiyo kazi yake yote. Na kazi hiyo jamani si ndogo. Chombo kilikuwa kinajizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa dakika kama 12, kikilipangusa anga ukanda kwa ukanda. Kiligundua vyanzo vinavyopigapiga kama moyo, kimoja kila sekunde 4.8, kingine kila sekunde 1.24. Hizo zilikuwa nyota zilizokufa na kusinyaa, zinazonyonya gesi ya nyota jirani. Kilikitazama Cygnus X-1 kikakuta eksirei zake zinabadilika kwa haraka kiasi kwamba kitu chenyewe lazima kiwe kidogo sana. Wengine walipopima uzito wake, ukazidi ule wa nyota yoyote iliyokufa. Ndiyo ikawa shimo jeusi la kwanza ambalo wanasayansi wengi walikubali kwamba huenda lipo kweli.

Lakini mimi kilichonikamata ni makundi ya galaksi.

Galaksi ni mkusanyiko wa mabilioni ya nyota, na galaksi zenyewe huishi kwa makundi, mamia au maelfu kwa pamoja. Mwaka 1933 Fritz Zwicky, Mswisi aliyefanya kazi California, alipima mwendo wa galaksi katika kundi la Coma akakuta zinakwenda mbio kupita kiasi. Kwa uzito wa nyota zinazoonekana, kundi lile lilitakiwa kuwa limesambaratika zamani. Kwa hiyo kuna uzito mwingine, hauonekani. Leo tunauita maada giza. Wakati ule wengi walimpuuza, naye kwa ulimi wake mkali hakuwasaidia kumpenda.

Uhuru ilipoyatazama makundi hayo, Coma likiwamo, eksirei hazikutoka kwenye nukta moja. Zilitoka kwenye eneo lote, hata katikati ya galaksi na galaksi, mahali palipodhaniwa kuwa patupu. Baadaye ikathibitika kwamba ni gesi, yenye joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi. Tena si gesi kidogo. Katika makundi makubwa uzito wake unazishinda nyota zote kwa mara kadhaa.

Ungedhani basi fumbo la Zwicky limekwisha: uzito uliopotea ndio huo, gesi. Wapi. Gesi ya moto namna hiyo haikai mahali pamoja, hutawanyika. Weka maji yachemke kwenye sufuria bila mfuniko uone mvuke unavyokwenda zake. Kama bado ipo pale baada ya mabilioni ya miaka, kuna kitu kimeifunika, na mfuniko wa angani ni mvutano, na mvutano ni uzito. Ukipiga hesabu ya uzito unaohitajika kuishikilia gesi hiyo, nyota na gesi kwa pamoja hazifikii hata robo. Zwicky alikuwa sahihi, na safari hii ushahidi umekuja kwa njia tofauti kabisa na ile yake.

Nilipokuwa nahangaika kuelewa hili, kilichonisaidia ni Husuni Kubwa. Wasomaji waliofika Kilwa Kisiwani wanaijua: jumba la karne ya 14 la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, juu ya jabali, vyumba zaidi ya mia moja, na bwawa la kuogea la pembe nane likitazama bahari. Sasa simama pale ukihesabu kinachoonekana kisiwani. Samaki, minazi, mtama, matumbawe ya kuchoma chokaa. Jumlisha vyote, havijengi Husuni Kubwa. Hata kama usingesoma kitabu chochote cha historia ungejua kuna mali nyingine inayovuta hesabu, na haipo hapa. Sisi tunajua ilikuwa wapi: dhahabu ya Sofala, iliyopita mikononi mwa Kilwa ikielekea Arabuni na Bara Hindi. Wanafizikia wako pale kwenye jabali, wameliona jumba, wamepiga hesabu, wanajua kuna Sofala. Hawajui iko wapi wala inauza nini.

Siku moja nilimweleza habari hizi mzee mmoja wa Kivinje, nahodha aliyestaafu, tukiwa barazani baada ya alasiri. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa mjukuu wangu, hicho kitu hakionekani, hakishikiki, hakinuki. Wamekijuaje?"

"Babu, mkondo wa bahari wewe unauona?"

"Siuoni. Naona chombo kinavyokwenda upogo."

"Ndivyo hivyo hivyo, Babu."

Akafikiri kidogo. "Sawa. Lakini mimi mkondo najua ni maji. Wao hicho wanajua ni nini?"

"Hawajui."

"Basi waambie waendelee."

Sijapata kusikia muhtasari bora wa hali ya fizikia ya leo.

Kwa muda fulani ilionekana jibu lipo, na hapo ndipo zinapoingia neutrino. Tuzo ya Nobel ya 2002 iligawanywa: nusu kwa Giacconi, nusu nyingine kwa wazee wawili waliokamata neutrino, Raymond Davis wa Marekani na Masatoshi Koshiba wa Japani. Neutrino ni chembe isiyo na umeme, nyepesi mno, inayopenya kila kitu. Zinazotoka kwenye jua peke yake ni zaidi ya bilioni 60 kwa sekunde katika eneo dogo kama ukucha wa kidole gumba. Na usiku haziachi. Zinatokea chini, zimeshaivuka dunia nzima, zinapita kwenye godoro na kwako wewe uliyelala, zinaendelea na safari.

Davis alikwenda kuzitafuta ndani ya mgodi wa dhahabu wa Homestake, Dakota Kusini, karibu kilomita moja na nusu chini ya ardhi, akiwa na tangi la tani 615 za kimiminika kile kile wanachotumia madobi kusafishia suti. Kwa siku mbili hivi, katika tangi lote hilo, alitarajia kupata atomu moja ya agoni iliyozaliwa kwa kugongwa na neutrino. Kwa miaka thelathini alipata kama 2,000, na mara zote ilikuwa theluthi moja tu ya iliyotarajiwa. Watu wakasema Davis kakosea kuhesabu. Kumbe hakukosea: neutrino zinabadilika aina njiani, na hilo haliwezekani isipokuwa zina uzito. Uthibitisho mkubwa ulitoka Japani mwaka 1998.

Koshiba naye, tarehe 23 Februari 1987, mtambo wake ulinasa neutrino kumi na kitu kutoka kwenye nyota iliyolipuka katika Wingu Kubwa la Magellan. Hiyo mlipuko wake ulionekana kwa macho matupu kwa miezi, na sisi watu wa kusini ndio tuliokuwa na nafasi nzuri. Kutoka Kilwa eneo lile la anga hupanda upande wa kusini, theluthi moja ya njia kutoka upeo wa bahari hadi utosini. Wajapani hawakuweza kuuona kutoka kwao. Neutrino zake ziliwafikia kwa kupitia chini, ndani ya dunia.

Chembe zenye uzito, zisizoonekana, zilizojaa kila mahali: si ndiyo maada giza hiyo? Wengi walitumaini hivyo. Hesabu zikakataa. Uzito wa neutrino ni mdogo mno, na mwendo wake ni wa kasi mno. Kama maada giza ingekuwa neutrino, galaksi zisingepata utulivu wa kujikusanya mapema kama zilivyofanya. Kwa makadirio ya sasa vitu vya kawaida, yaani nyota, gesi, bahari, mimi na wewe, ni asilimia 5 ya ulimwengu. Maada giza ni 27 hivi. Iliyobaki inaitwa nishati giza, na huko hata tusiende leo.

Maisha yaliyobaki ya Giacconi yalikuwa ya ukurugenzi, nami ninayapitia haraka kwa sababu vikao ni vikao hata vikiwa vya nyota. Darubini ya eksirei iitwayo Einstein mwaka 1978. Mkurugenzi wa kwanza wa taasisi inayoendesha darubini ya Hubble, kuanzia 1981. Kisha mkuu wa shirika la Ulaya linalojenga darubini kubwa jangwani Chile, hadi 1999. Mwaka huo huo, Julai, darubini aliyoiota tangu 1963 ilipanda angani kwa jina la Chandra. Akaielekeza mahali pamoja patupu pa anga la kusini kwa jumla ya sekunde milioni moja. Ule mng'ao hafifu wa 1962 ukafumbuka: sehemu yake kubwa ni mashimo meusi makubwa katika mioyo ya galaksi za mbali, kimoja kimoja. Sekunde 350, kisha sekunde milioni. Na mwaka 2006, Chandra hiyo hiyo ikisaidia, wataalamu walionyesha makundi mawili ya galaksi yaliyogongana. Gesi ya moto imekwama katikati, uzito umepita na kwenda zake pembeni. Wenye shaka juu ya maada giza wengi walinyamaza hapo, si wote.

Kuna swali ambalo mtu wa Lindi hawezi kuliruka. Sisi sayansi ya wageni tumeshaiona. Kati ya 1909 na 1913, miaka michache tu baada ya vita vya Maji Maji vilivyoanzia milima ya Matumbi hapa Kilwa, Wajerumani walichimba Tendaguru mifupa ya mijusi mikubwa ya kale. Mamia ya wenyeji walifanya kazi, msimamizi wao akiwa Boheti bin Amrani, na wapagazi wakaibeba mifupa kwa miguu siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200. Mmoja wa mijusi hao amesimama Berlin, mita 13 kwenda juu, watoto wa Kijerumani wanapiga naye picha. Nakala ya Kiarabu ya historia ya Kilwa iko London. Je, Uhuru nayo ni hadithi ile ile?

Mimi nasema hapana, si ile ile. Mfupa ukiondoka umeondoka. Eksirei za kundi la Coma hazikuwa mali ya Ngomeni, na zilichofumbua kimeandikwa wazi, yeyote anaweza kusoma. Hata hivyo sitaki kumaliza kwa kupongezana. Jukwaa la San Marco lilirusha setilaiti nyingine za elimu ya nyota baada ya Uhuru, mwaka 1972, 1974 na 1975. Roketi ya mwisho ilitoka 1988. Yaani kwa miaka mitano pwani hii ndiyo ilikuwa mlango mkuu wa aina mpya kabisa ya kuliangalia anga, na kilichobaki kwetu ni chuma baharini na herufi moja. Kenya ilipopata setilaiti yake ya kwanza ya uangalizi wa ardhi, Taifa-1, Aprili 2023, ilirushwa kutoka California. Setilaiti ya Wamarekani yenye jina la Kiswahili iliondokea kwetu. Setilaiti ya Waswahili ikaenda kuondokea kwao.

Na Waitaliano, tukiwa bado kwenye habari zao, mwaka 1974 kampuni yao ya Agip iligundua gesi Songo Songo, hapo mbele ya Kilwa, chini ya sakafu ya bahari, nayo bila kuiona, kwa kusikiliza mwangwi wa mitetemo kwenye miamba. Ile ilichukua miaka thelathini kufika Dar es Salaam. Gesi ya Coma mpaka leo haijauzwa.

Mwezi wa saba, mvua zikiwa zimekwisha na kusi likivuma, kundi la Nge hupita karibu kabisa na utosi wa Kilwa mnamo saa tatu usiku. Mabaharia wa zamani waliliita Akarabu. Lina mkia uliopinda na nyota nyekundu kifuani, huwezi kulikosa. Kaskazini kidogo ya nyota hiyo nyekundu kipo kile kitu cha kwanza, Scorpius X-1, kilichosikika kwa sekunde 350 mwaka 1962. Kwa macho hakionekani hata ukodoe vipi. Katika orodha kimeandikwa 4U 1617-15.